Serikali Haina Kaburi

Mwalimu alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, waulizeni wenyewe wa Iyula. Mimi nilimkuta tayari ana kipara, koti la kijivu na neno la kusema. Alinifundisha uchumi sekondari kule Vwawa, nikafeli. Alipostaafu akaja kuishi Tunduma, mtaa wa pili kutoka dukani kwangu, na kwa miaka mingi alikuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi langu la nje ili aendelee kunifundisha kile nilichofeli. Mimi nauza mchele. Katika miaka yote hiyo Mwalimu hakununua kwangu hata kilo moja. Alisema mambo ya jikoni ni ya mkewe, na mkewe alinunua kwa jirani yangu, ambaye bei yake ilikuwa chini kidogo ya yangu.

Ninamsema kwa sababu nampenda, asije mtu akadhani nina kinyongo. Siku hizi amerudi shambani kwake, na benchi lake wanakalia vijana wa bodaboda ambao hawajui kubishana juu ya kitu chochote isipokuwa mpira. Nimemkumbuka, ndiyo maana nimekaa kumwandika. Nataka nieleze jinsi mtu aliyetumia maisha yake yote kuitetea serikali ikope alivyokataa, yeye mwenyewe, kukopeshwa jicho, huku giza likimjia na sisi tukimtazama. Lakini huwezi kuuelewa ubishi wake juu ya macho kabla hujaujua ubishi wake juu ya mambo mengine.

Tuanze na yule Mwingereza. Kulikuwa na mchumi mmoja wa Uingereza, wa zamani, aliyesema kwamba biashara zikilala na watu wakaogopa kutoa pesa mfukoni, basi serikali ndiyo itoe, hata kama ni kwa kukopa, ijenge na iajiri mpaka mzunguko urudi. Wachumi wenzake walimpinga wakati ule na wanabishana juu yake mpaka leo. Mwalimu hakumtaja jina. Alimwita Mwingereza tu, kwa sauti ya mtu anayemzungumzia shemeji yake anayeishi Mbeya. Zikitangazwa habari za kupunguza pesa za barabara, alitikisa kichwa na kusema, "Mwingereza asingekubali jambo hili." Darasani mwenzetu mmoja aliwahi kunyoosha mkono akauliza kama huyo Mwingereza alishawahi kufika Vwawa. Mwalimu alifikiri kidogo, akajibu kwamba hakufika, lakini angefika angetuelewa haraka kuliko sisi tunavyomwelewa yeye.

Siku moja alitupakia kwenye gari la shule mpaka Mkwajuni, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Tulitegemea kuambiwa habari za madini. Mwalimu alisimama pembeni ya shimo, akalipa mgongo lile shimo, akatuonyesha mama mmoja anayeuza maandazi.

"Mnamwona yule? Hachimbi, wala hana shida na dhahabu. Lakini shimo likifungwa, maandazi yake yanalala. Matumizi ya huyu ni mapato ya yule. Andikeni."

Tukaandika. Yule mama akatuangalia tunavyoandika, akauliza, "Sasa mnanunua, au mmekuja kuandika tu?"

Wote tukamtazama Mwalimu. Mwalimu akaangalia saa yake, akasema muda umekwisha, turudi kwenye gari.

Ndivyo alivyokuwa. Kwa pesa za umma alikuwa na moyo mpana, ungedhani ni mfalme. Kwa pesa zake alikuwa mkono wa birika, na hakuona aibu. Koti lile la kijivu liligeuzwa ndani nje na fundi cherehani, na lilipochakaa upande wa pili akamuuliza fundi kama hakuna upande mwingine. Soli za viatu vyake zilitokana na tairi la lori. Kwenye benchi langu alikunywa chai yangu, kisha akaomba maji ya moto yaongezwe kwenye majani yale yale, akisema bado yana kazi ya kufanya.

"Mwalimu," nilimwambia siku moja, "kama wateja wote wangekuwa kama wewe, hii Tunduma ingeshafungwa."

"Ni kweli kabisa," akajibu bila kupepesa macho. "Mimi ni mfano wa tatizo. Kila somo linahitaji mfano."

Na kichekesho kikubwa ni hiki: hakuwahi kula mshahara wa serikali hata mwezi mmoja. Shule yetu ilikuwa ya binafsi. Bima yake ya matibabu iliisha siku aliyokabidhi chaki, na pensheni yake ilikuwa ya kununulia chumvi. Mtetezi mkubwa wa serikali katika mkoa mzima wa Songwe alikuwa mtu ambaye serikali haikumjua. Nilipomtania juu ya jambo hilo alisema ndiyo maana maoni yake hayana upendeleo.

Sasa nimlete Mhasibu, maana Mwalimu bila Mhasibu ni nusu ya habari. Mhasibu alikuwa mwembamba, mwepesi wa kutembea, amestaafu kazi ya hesabu katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa. Walifahamiana tangu ujana. Kanisani Mhasibu alikuwa mweka hazina, na Mwalimu alikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi, kwa hiyo hata mbele za Mungu mmoja alishika pesa na mwingine alitaka zitoke. Mhasibu aliamini kwamba serikali ni nyumba kama nyumba nyingine, na nyumba inayotumia kuliko inachopata mwisho wake huwa inauza milango. Dawa yake kwa kila jambo ilikuwa kufunga mkanda. Mvua zikikataa, tufunge mkanda. Kahawa ikishuka bei, tufunge mkanda.

"Wote tukifunga mkanda siku moja," Mwalimu alimjibu, "huyu binti atamuuzia nani mchele?" Binti ndiye mimi, ingawa nina wajukuu.

"Nyumba yangu haijawahi kukopa."

"Nyumba yako ina kaburi linakusubiri, ndugu yangu. Serikali haina kaburi. Anayekufa akope kidogo, asiyekufa akope kwa akili."

"Na asiyekufa akikopa bila akili?"

Mwalimu alikunywa chai kwanza. "Basi wanakufa wengine," akasema.

Mhasibu alipenda jibu hilo, akalirudia kwa wiki nzima kana kwamba ni lake.

Siku ya kusomwa bajeti, mwezi wa sita, ilikuwa sikukuu yao. Mwalimu alivaa tai. Walikuja dukani kwangu mapema kusikiliza redio yangu, kwa sababu betri za redio ya Mwalimu hazikutumika ovyo, na Mhasibu alisema redio ni anasa. Kila waziri aliposoma pesa za kujenga kitu, Mwalimu aligonga goti. Kila alipotaja deni la taifa, Mhasibu alinyoosha kidole juu. Wateja walisubiri wamalize ndipo wapimiwe mchele.

"Umesikia?" alisema Mhasibu mwaka mmoja. "Mtoto anayezaliwa leo pale zahanati anazaliwa anadaiwa."

"Sawa, anadaiwa. Na hiyo zahanati aliyozaliwa ni ya nani? Na barabara aliyopitia mama yake? Hivyo hamjaviandika. Ninyi wahasibu mtoto mnampa deni, mali mnasahau kumpa."

"Barabara yenyewe ina mashimo!"

"Basi tukope tuyazibe!"

Nilikuwa nasikiliza, na kusema kweli mara nyingi sikujua nani ana haki. Nilipomsikiliza Mwalimu nilitaka kukopa nipanue duka. Nikimsikiliza Mhasibu nilitaka kufunga duka nikafukie pesa shambani. Mwisho wake nilipima mchele.

Msije mkadhani Mwalimu alikuwa mbishi wa kubisha tu. Alikuwa mbishi, lakini hakuwa mwongo, na jambo hilo nalitaja kwa makusudi. Nina mteja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mama wa makamo anayechukua mchele wa Kamsamba kwenda kuuza kwao. Asubuhi moja Mwalimu alimdaka akiwa anasubiri magunia yake yapakiwe, akaanza kumweleza jinsi deni la nchi lisivyo jambo la kutisha. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, mikono ameikunja kwenye chitenge.

"Ba kafundisha," akasema, maana ndivyo wanavyomwita mwalimu kwao, "ninyi hapa deni mnalisoma. Sisi kwetu tumelila. Unaenda sokoni na kwacha zile zile za jana, unga unarudi nao nusu. Aliyekopa simjui. Njaa naijua." Akachukua mzigo wake, akaniaga kwa lugha yake nibaki salama, "Shalenipo bamayo," akaondoka.

Mwalimu alikaa asubuhi ile nzima akitazama upande wa mpaka. Chai ikapoa. Na kesho yake, Mhasibu alipofika, Mwalimu mwenyewe alimsimulia maneno ya yule mama, hakupunguza wala hakupamba, ingawa yalimchoma yeye na yalimjenga mwenzake. Mhasibu angeweza kukaa mwaka mzima bila kuyajua. Nilimuuliza Mwalimu kwa nini amempa adui risasi. Akasema hoja ikishinda kwa kufichwa jambo, hiyo haijashinda, imepita mlango wa nyuma.

Sasa habari ya jogoo, maana hakuna mtu wa kanisani kwetu atakayenisamehe nikiiacha. Kwetu baada ya ibada tunafanya mnada nje ya kanisa. Asiye na pesa ya sadaka huleta alichonacho, iwe maharage, ndizi, mayai au kuku, vikanadiwa, na pesa ikaingia kanisani. Watu hununua kwa bei isiyo ya sokoni kwa sababu wanampa Mungu. Na mwenye moyo zaidi akishanunua anasema, "Namrudishia Bwana," kitu kinanadiwa tena. Mwaka huo malori yalikuwa machache mpakani na biashara ilikuwa imelala. Mhasibu alishauri ujenzi wa kanisa usimame mpaka hali irudi. Mwalimu akasema huu ndio wakati wa kuezeka, kwa sababu mafundi wamekaa bure na watu wanahitaji kuona pesa inatembea. Wakabishana mpaka mchungaji akaomba tufunge kwa sala.

Jumapili iliyofuata mnadishaji alikuwa na mafua, wakampa Mwalimu kazi. Akashika jogoo mwekundu, miguu imefungwa, akaanza. Fundi seremala alimnunua, akamrudishia Bwana. Nikamnunua mimi, nikamrudisha. Mke wa mchungaji akamnunua, akamrudisha. Mwalimu alikuwa kwenye kilele cha maisha yake. Jasho linamtoka, anampunga jogoo hewani, anapiga kelele, "Mnaona? Jogoo ni mmoja, bati zinaongezeka! Pesa haijaliwa na mtu, inazunguka! Mwingereza alikuwa wapi leo!" Watu ambao hawakuwa na mpango wa kutoa walitoa. Jua lilikuwa kali.

Mhasibu akasogea, akamshika yule jogoo shingoni. "Ndugu zangu," akasema, "huyu amekufa."

Mwalimu akamwangalia jogoo wake. Mtu akauliza jogoo ni wa nani, tukaanza kutazamana, kwa sababu wa mwisho kumnunua alikuwa ameshamrudisha na anayefuata alikuwa hajamchukua. Hasara ile haikuwa na mwenyewe.

"Mnaona sasa?" alisema Mhasibu kwa utulivu. "Mmezungusha mpaka mmeua mtaji."

"Bati zimepatikana au hazijapatikana?" akauliza Mwalimu.

"Zimepatikana."

"Basi jogoo amefia kazini."

Mchungaji ilibidi aketi kwa kucheka. Kanisa liliezekwa, mafundi wakalipwa, na kesi haijaisha mpaka leo. Wapo wanaosema tulipata paa, na wapo wanaosema tulipoteza jogoo, na kila upande una shahidi. Mvua ikinyesha katikati ya mahubiri, Mwalimu alikuwa akiinua uso kutazama bati, kisha anageuka taratibu kumtazama Mhasibu. Na Mwalimu siku ile hakutoa hata senti. Alisema mnadishaji haruhusiwi kununua.

Macho yalianza kumwacha polepole. Asubuhi moja nilimsikia akisema, "Habari za hapa, mama," nikatoka kuitikia, nikakuta anasalimia gunia. Nilicheka, naye akacheka, lakini niliporudi ndani sikucheka tena. Baadaye akaanza kushika gazeti karibu na pua, kisha mbali, kisha akawa analikunja na kuliweka kwenye goti kama mtu ambaye ameshamaliza kusoma. Kituo cha afya walimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, upasuaji unafanyika Mbeya na mtu anaona tena. Akishachelewa sana, walisema, hawaahidi kitu. Mwalimu akawashukuru, akarudi kwenye benchi, akaanza habari za riba za benki.

Wanafunzi wake wa zamani tuna kundi letu kwenye simu. Tukakubaliana kuchanga. Haikuwa pesa ya kutisha, na kila mtu alitaka kutoa, hata wale aliowatandika. Nikatumwa mimi na mwenzangu mmoja mwenye duka la vipuri tukamwambie. Mkewe alitukaribisha, akatuwekea chai, akakaa pembeni na mikono mapajani. Niliona anavyotuangalia, kama mtu aliyeshajaribu na kushindwa.

"Mwalimu, tumekuja kwa ajili ya macho."

"Macho yana nini?"

"Hayaoni, Mwalimu."

"Yamestaafu. Kila mtu anastaafu."

Mwenzangu akaeleza michango. Mwalimu akasikiliza, akashukuru, akasema hapana. Nikamwambia kama hataki zawadi basi auite mkopo, si ndiyo somo lake? Hapo akanigeukia, na macho yake yakatua kwenye ukuta, pembeni kidogo ya uso wangu.

"Binti, mkopo hulipwa kwa mapato yajayo. Ya kwangu ni yapi? Kahawa ya shambani kwangu, ambayo sioni hata kama imeiva? Serikali haina kaburi. Mimi ninalo, na sitaki kuliingia nikiwa nadaiwa na watoto niliowafundisha."

"Hakuna atakayekudai!"

"Ndilo deni baya zaidi hilo."

Tukatoka. Mwenzangu alikuwa anacheka kwa hasira, mimi nililia njiani bila kujificha. Niliona ni kiburi, na bado naona kilikuwa kiburi.

Mhasibu hakusema chochote juu ya upasuaji. Alichofanya ni kuanza kununua gazeti, yeye ambaye alikuwa akisema gazeti la jana lina habari zile zile na linapatikana bure. Akaja nalo kila asubuhi, akakaa karibu na Mwalimu, akamsomea kwa sauti. Mimi husimama nyuma ya benchi kwenye mizani, kwa hiyo ukurasa nauona vizuri. Siku ya kwanza kichwa cha habari kilisema mchumi mmoja ameonya deni limekuwa zito na serikali ipunguze matumizi. Mhasibu akakohoa, akasoma, "Mchumi mmoja amesema serikali isiogope kukopa wakati huu, kwa kuwa biashara zimelala."

Nikadhani nimekosea mstari. Nikainama, nikasoma tena. Mhasibu akanitupia jicho moja kali, akalisogeza gazeti.

"Eeeh!" alisema Mwalimu, amechangamka. "Huyo amesoma. Sasa wewe unasemaje?"

Mhasibu akajibu ovyo ovyo, hoja za mtoto wa kidato cha kwanza, Mwalimu akamfumua, akagonga goti. Ikawa hivyo siku hiyo, na siku zilizofuata. Gazeti likisema hivi, Mhasibu anasoma vile. Akitajwa mtaalamu wa kufunga mkanda, kinywani mwa Mhasibu anageuka kuwa mtaalamu wa kujenga. Mtu aliyefanya kazi ya hesabu maisha yake yote bila kupungukiwa na sarafu alikaa kwenye benchi langu akidanganya mchana kweupe.

Nilimvizia siku moja akiwa peke yake. "Baba, unafanya nini?"

"Namsomea rafiki yangu gazeti."

"Hilo silo gazeti."

Akakunja uso. "Mama Tumaini, mtu hawezi kupokonywa macho na hoja kwa wakati mmoja. Yatamuua. Na ukimwambia, nahamia na gazeti langu kwa jirani yako."

Nikanyamaza. Si kwa kuogopa jirani.

Mwalimu alinenepa kwa ushindi. Alitembea kwa fimbo, lakini kidevu kiko juu. Kisha siku moja, Mhasibu alipokwenda kuangalia mahindi yake, Mwalimu akaniita kwa sauti ya chini.

"Binti, nimeshinda hoja hii mara ngapi katika maisha yangu?"

"Mara chache, Mwalimu."

"Sasa nashinda kila siku. Ama dunia imepona, ama kuna jambo. Nadhani ananitega. Ananisomea mambo yaliyotiwa chumvi ili nitetee upuuzi, halafu siku moja alete gazeti lenyewe anivue nguo mbele ya watu. Namjua huyu, ana subira."

Ulimi uliniwasha. Nikaukamata. "Basi, Mwalimu, si uone mwenyewe? Mbeya si mbali."

Alizungusha fimbo. Kisha akasema, kwa sauti ile ya darasani, kwamba zawadi haitaki na mkopo wa kawaida haufai, lakini serikali inapotaka pesa za wananchi wake hutoa hatifungani, na yeye atatoa hatifungani. Riba italipwa kwa kuwafundisha watoto wetu bure jioni, na pesa yenyewe italipwa msimu wa kahawa, kidogo kidogo.

"Na lile kaburi?" nikamuuliza.

"Lipo. Lakini siwezi kuingia humo sijajua alikuwa ananisomea nini."

Nilituma ujumbe kwenye kundi kabla hajabadili mawazo. Kabla ya wiki kuisha mkewe alimpeleka Mbeya.

Alirudi amevaa miwani myeusi mikubwa ya hospitali. Jicho moja lilikuwa limekwisha kufanyiwa upasuaji, la pili lingefuata. Alikuja dukani asubuhi, mapema kuliko kawaida yake, akasimama mlangoni, na kabla hajanisalimia akasema, "Umepandisha mchele?"

Bango la bei lilikuwa ndani kabisa, kwenye ukuta wa nyuma. Nikaweka kopo chini nikamkumbatia, jambo ambalo mtu hamfanyii mwalimu wake huku kwetu. Akaniacha nimalize, kisha akaniambia ninyamaze. Mhasibu alikuwa shambani wiki nzima, hajapata habari kama jicho limepona. Leo Mwalimu atamkamata na gazeti mkononi. Alikuwa na furaha ya mtoto, anapangusa miwani, anakaa, anasimama, anakaa tena. Nilijua anachokwenda kukiona. Mtu anayesema ushindi wa kufichwa si ushindi, atafanya nini akijua miezi yote ile alikuwa anapewa ushindi kama pipi?

Mhasibu akafika, gazeti kwapani. "Vipi, unaona?"

"Ukungu, ndugu yangu. Daktari amesema nisubiri. Nisomee."

Mhasibu akakaa. Mwalimu akasogea mpaka mabega yakagusana. Mimi nyuma yao nilisoma: wachumi walikuwa wamekutana na wengi wao wanataka serikali ipunguze kukopa na miradi mipya isubiri. Mhasibu akakohoa.

"Wachumi wamekutana," akasoma, "na wengi wao wanasema huu ndio wakati wa kujenga. Wametoa mfano wa... wa skimu za umwagiliaji huko Momba. Wanasema serikali ikope, wakulima wapate kazi."

Kutoka pembeni, nyuma ya ile miwani myeusi, niliona jicho la Mwalimu likitembea. Lilikwenda mstari kwa mstari mpaka chini ya ukurasa. Likarudi juu, likaanza upya. Mhasibu aliendelea, anatunga, sauti inamkauka, maana hakuwa na kipaji cha uongo, na kila alipokwama alilamba kidole kana kwamba anafungua ukurasa. Mteja aliingia nikampa ishara asubiri.

"Basi ndiyo hivyo," Mhasibu akamaliza. "Nadhani umeshinda tena."

Mwalimu aliondoa miwani, akajifuta chini ya jicho kwa mkono wa koti, akairudisha. Nikasema moyoni, sasa analipuka, na urafiki wa tangu ujana unaishia kwenye benchi langu.

"Hapana," akasema taratibu. "Huo mkopo ni mkubwa mno. Skimu nzima? Mvua zikikataa, nani atalipa? Leo nadhani ukweli uko upande wako, ndugu yangu."

Mhasibu akashusha gazeti. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Walikupa dawa gani huko Mbeya?"

"Nasema hivi, afadhali tufunge mkanda kwanza."

"Tufunge mkanda nini!" Mhasibu akaruka. "Maji ya mto yapo, watu wapo, unasubiri nini? Wakikaa bure hiyo si hasara? Mpunga wa msimu mmoja tu..."

"Na msimu wa pili je?"

Wakaanza. Mhasibu akaitetea serikali kwa maneno aliyokuwa akiyapinga maisha yake yote, na kumbe aliyajua yote, neno kwa neno. Mwalimu akakaba pesa kama mweka hazina wa kanisa. Walipandisha sauti mpaka bodaboda wakasogea. Nilipima mchele wa yule mteja mara mbili kwa sababu sikuwa naona vizuri mizani, na nikamwongezea.

Jua lilipofika utosini, Mhasibu akasimama akakunja gazeti, amechoka na amefurahi. Akasema kesho ataleta jingine.

"Lete," alisema Mwalimu. "Na usome polepole tu. Macho haya yatachukua muda mrefu sana kupona."

Mhasibu akasema hana haraka.